Silinda ya 3 inakata: soketi za kujitengenezea kwenye Forester ya turbo, Arusha

Gari ni Subaru Forester ya turbo, injini EJ20, linaloishi Arusha na kushuka Moshi mara mbili kwa wiki. Lilifungwa seti ya kuongeza nguvu yenye vitu vinne: nozo 4 (za kupuliza petroli) za cc 650 kwa dakika, sensa ya presha ya bari 3, solenoidi ya kudhibiti presha ya turbo, na kontrol boksi (kompyuta ya injini) mpya inayokadiria hewa kwa presha na joto badala ya kutegemea sensa ya hewa ya asili. Vitu vyote vinne vilikuwa vizima, na vilibaki vizima mpaka mwisho wa kisa hiki. Kilicholisumbua gari ni soketi na viungo vya waya ambavyo havikuja kwenye boksi la seti, ikabidi fundi avibuni.

Malalamiko yalikuwa matatu. Asubuhi gari halina neno. Baada ya kama saa moja ya mwendo, kwenye kipande cha kupanda kutoka Usa River kuelekea Tengeru, linakata kwa sekunde mbili tatu kisha linashika tena. Kwenye rafu rodi za Nduruma linakata hata injini ikiwa haijachemka sawasawa. Na usiku, likiwa kwenye silensi (injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta) na taa zimewashwa, linanuka petroli. Taa ya cheki injini iliwaka, mashine ya kusoma misimbo ikatoa P0303: silinda ya 3 inamisi, yaani inaruka zamu bila kuwaka.

Mwenye gari alirudi kwa aliyemfungia. “Fundi, mbona ikipanda inakata?” Akajibiwa, “Bosi, vumilia kidogo, nozo mpya zinajifunza.” Nozo haijifunzi kitu; ni koili, sindano na tundu. Inayojifunza ni kontrol boksi, na humu ilikuwa inafundishwa uongo.

Kilichokuwa chini ya tepu

Nozo za asili zilikuwa na soketi ya Kijapani ya pini mbili. Nozo za seti zina mdomo wa mtindo wa USCAR (kiwango cha soketi cha Marekani), ambao nao una pini mbili lakini hauingiliani na ule. Njia iliyochaguliwa ni ile ya haraka: soketi nne za asili zilikatwa kwenye shina kabisa, zikatupwa, na mahali pake zikaungwa soketi za dukani zenye mikia ya waya ya sm 12. Viungo vinane. Vingine vilisokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi, vingine vililehemiwa kwa risasi halafu vikazungushiwa tepu ileile. Vyote vinane viliishia kwenye mstari mmoja, kwa hiyo chini ya manifoldi (mirija ya kuingiza hewa) kukawa na vifundo viwili vinene, kimoja kila upande wa injini.

Kwenye injini za EJ, silinda 1 na 3 ziko upande wa kulia, 2 na 4 kushoto, na turbo imekaa nyuma kulia. Maana yake nozo ya 3 ndiyo jirani wa turbo. Kiungo kibaya kikiwa kwenye nozo ya 2 kinaweza kuvumilia mwaka mzima. Kikiwa kwenye ya 3 hakimalizi msimu. Ndiyo sababu msimbo ulikuwa P0303 na si mwingine, ingawa viungo vyote vinane vilikuwa vya mkono mmoja.

Kupima kabla ya kukata

Koili ya moto ya silinda ya 3 ilihamishiwa silinda ya 1, misi ikabaki 3. Plagi zikabadilishana, misi ikabaki 3. Nozo ya 3 ikapelekwa 1 na ya 1 ikaletwa 3, ikabaki palepale. Kompresheni ilipimwa silinda kwa silinda na tofauti haikufika asilimia 5. Hapa angalizo dogo kwa mafundi wa huku: Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo namba za kompresheni za kitabu hazifikiki, tegemea pungufu ya karibu asilimia 15. Linganisha silinda na jirani zake, usilinganishe na kitabu, la sivyo utafungua injini nzima isiyo na kosa.

Kikabaki waya. Mita ya omu iliwekwa kutoka soketi ya kontrol boksi hadi soketi ya nozo ya 3, ikasoma omu 0.5, na nyaya za mita zenyewe zikiwa na 0.3. Kwa macho ya wengi hiyo ni njia nzima. Tatizo ni kwamba mita ya omu inapitisha mkondo mdogo mno. Kiungo kilichobaki na nyuzi mbili kinapitisha mkondo huo bila shida; kinachokishinda ni mkondo wa kazi.

Mkondo wa kazi unajulikana. Nozo hizi zilipimwa omu 12.1 hadi 12.3 kila moja, ambayo ni aina ya omu kubwa. Kwa volti 13.8 hiyo ni ampea 1.1 na ushei. (Hiki ndicho kipimo cha kwanza kabla ya kufunga nozo yoyote ngeni. Ukikuta omu 2 hadi 3, mkondo unaruka karibu ampea 5 hadi 7, na kontrol boksi iliyotengenezwa kwa omu kubwa itaunguza vidhibiti vyake vya ndani.) Kwa hiyo kinachotakiwa ni mzigo wa kudumu unaovuta zaidi kidogo ya nozo, nao unauzwa kila duka la spea: balbu ya breki ya wati 21.

Utaratibu uliotumika ni huu. Soketi ya kontrol boksi ilichomolewa. Soketi ya nozo ilichomolewa, balbu ikawekwa mahali pa nozo. Waya wa kudhibiti nozo hiyo ukapelekwa ethi (upande hasi) kule kwenye soketi ya kontrol boksi, swichi ikawashwa, balbu ikawaka moja kwa moja. Kisha mita ikawekwa kwenye volti, ncha moja mwanzo wa waya na nyingine mwisho wake, kusoma volti inayopotea njiani. Silinda 1, 2 na 4 zilipoteza kati ya volti 0.15 na 0.20, ambayo si nzuri sana lakini si ugonjwa. Silinda ya 3 ilipoteza 0.35 ikiwa baridi. Fundo lake lilipopulizwa kwa draya ya nywele dakika tatu, namba ilipanda taratibu hadi 1.3. Fundo lilipotikiswa kwa kidole, balbu ikapepesa, ikazima, ikawaka.

Tepu ilipofunguliwa gundi yake ilikuwa imeyeyuka ikawa uji mweusi. Waya wa kudhibiti ulikuwa umesokotwa tu. Shaba ilikuwa kahawia na kijani, na msokoto ulilegea kila ulipopata joto. Waya wa umeme ulikuwa umelehemiwa, na kwa nje ulionekana safi. Ulipopindwa ukavunjika mm 6 kutoka mwisho wa risasi: nyuzi zote 19 zilikuwa zimeshakatika siku nyingi, zinagusana tu ndani ya ganda. Hii ndiyo tabia ya risasi kwenye injini. Inapoyeyuka inanyonywa ndani ya waya na kuugeuza msumari; pale msumari unapoishia na waya laini unapoanza, mtikisiko wote unapinda sehemu ileile moja. Kulehemu hakukukosewa. Kulilehemiwa mahali pasipotakiwa risasi.

Kwa nini mashine haikuona

Sehemu hii ndiyo inayowapoteza wengi, kwa hiyo inastahili hesabu.

Kiungo cha omu 0.8 kwenye nozo ya omu 12.2 kinakula karibu volti 0.85. Nozo ikipata volti pungufu inachelewa kufunguka. Kwa nozo nyingi za petroli, kati ya volti 12 na 14, kila volti inayopungua inaongeza ucheleweshaji wa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde au zaidi kidogo. Kwenye silensi, nozo kubwa kama hizi zinafunguliwa kwa milisekunde 2 hivi, na kati ya hizo karibu 0.9 ni kusubiri tu sindano inyanyuke. Mafuta yanapita kwenye ile 1.1 iliyobaki. Punguza 0.1, silinda ya 3 imekosa asilimia 9 ya mafuta yake.

Sasa, sensa ya oksijeni inanusa moshi wa silinda zote nne kwa pamoja. Asilimia 9 ya silinda moja ni kama asilimia 2 ya wastani. Kontrol boksi iliongeza asilimia 2 kwa silinda zote, ikaridhika. Silinda ya 3 ikabaki na upungufu wa 7, nyingine tatu zikawa na ziada ya 2, na kwenye skrini sahihisho la mafuta likasoma +2, namba ambayo fundi yeyote angeipitisha bila kuiangalia mara mbili.

Turbo ikisukuma, mambo yanageuka. Pale nozo inafunguliwa milisekunde 10 na zaidi, na 0.1 inakuwa kitu kidogo. Hatari ya pale ni waya uliokatika kuachia katikati ya mwendo. Ukiachia kabisa, silinda inapitisha hewa tupu. Oksijeni ile inafika kwenye sensa, na kama sahihisho bado linafanya kazi, kontrol boksi inadhani injini nzima ina njaa. Ukiachia nusu, silinda inawaka ikiwa na mafuta pungufu chini ya presha, na huko ndiko kugonga (mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda) kunakoanzia na pistoni kutoboka. Gari hili lilikuwa linaachia kabisa. Kwa mwenye gari hiyo ilikuwa kero. Kwa pistoni ya 3 ilikuwa bahati.

Harufu ya usiku

Malalamiko ya tatu hayakuhusu nozo. Sensa ya presha ni ya mtindo wa GM, pini tatu: A ni ethi ya sensa, B signali, C volti 5. Inafika takriban kPa 315 (kilopaskali, kipimo cha presha) kwenye volti 5, hivyo kila volti ni kama kPa 63. Kipimo chake cha haraka ni kuwasha swichi bila kuwasha injini na kusoma presha ya hewa ya mahali. Huku hapatakiwi 101, namba ya pwani. Arusha mjini patoe karibu 86, Moshi mjini karibu 91. Ukiona 101 ukiwa Arusha, mpangilio wa sensa kwenye programu si wake au waya una kasoro.

Hapa ilisoma 86, sawasawa. Taa kubwa, feni na hita ya kioo cha nyuma vilipowashwa ikapanda hadi 91. Gari limesimama Arusha, injini inadhani iko Moshi.

Sababu: waya A haukurudishwa kwenye kontrol boksi. Ulifungwa kwa bolti kwenye bodi, karibu na taa. Mizigo ikiwaka, mkondo wake unarudi betri kupitia bodi, na bodi inapanda volti 0.11 juu ya ethi ya kontrol boksi. Sensa inapanda nayo. Kwenye silensi, ambako presha halisi ni kama kPa 38, kosa hilo linakuwa karibu kPa 6, yaani mafuta ya ziada ya asilimia 16. Ndiyo ile harufu. Mchana sahihisho lilikuwa +2, usiku −12, na kwa kuwa aliyepima mwanzo alipima mchana, hakuona kitu.

Ethi ya sensa si ethi ya kawaida. Ni nusu ya signali, na lazima iishie kwenye pini yake ya kontrol boksi, bila kugusa chuma popote njiani.

Uamuzi: kuunga upya au kutengeneza kiunganishi cha kati

Kama soketi za asili zingekuwepo, jibu bora lingekuwa kiunganishi kifupi: upande mmoja soketi inayoingia kwenye ile ya asili, upande mwingine USCAR, bila kukata waya hata mmoja. Gari linarudi asili kwa dakika kumi. Bei yake ni kwamba kila waya unapata miguso ya ziada, na kila mguso ni mahali pa kuharibika. Lakini soketi zilishatupwa, na kununua nne za asili ili tu ziunganishe kiunganishi ni kuongeza miguso bila faida ya siku hiyo. Ikaamuliwa soketi za USCAR ziungwe moja kwa moja kwenye nyaya za gari, kwa viungo vya kubana, na sensa na solenoidi zitengenezewe mkanda wao wa waya unaochomoka.

Vifaa: soketi 4 za USCAR zisizo na mikia; terminali 8 zake pamoja na 6 za kuharibu wakati wa kujaribu; mipira 8 ya kuzuia maji; viungo vya kubana vya shaba iliyopakwa bati, 8 na vinne vya akiba; soketi ya Deutsch DT (aina isiyoingiza maji) ya pini 6, dume na jike; waya wa 0.85 mm² m 12 kwa rangi nne. Mrija wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, wa 3 kwa 1, yaani unaosinyaa hadi theluthi ya kipenyo chake. Tepu ya kitambaa. Mrija wa nailoni wenye mikunjo. Soketi tupu na terminali zake hazikupatikana mjini, zikaagizwa Kariakoo na kupanda basi la usiku. Mikia ya dukani ilikataliwa kwa sababu moja: waya wake ulipokwanguliwa kwa wembe, chini ya wekundu palionekana weupe. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inavunjika mapema na haibaniki vizuri.

Ganda la waya nalo lina cheo. PVC ya kawaida ya magari imepimwa kwa nyuzi joto 80 hadi 105. Karibu na turbo hiyo haitoshi. Chukua waya wa ganda la XLPE (plastiki inayovumilia joto zaidi), wa nyuzi 120 au 125.

Kubana terminali

Terminali hizi zina mabawa mawili. La mbele linabana shaba, la nyuma linakumbatia mpira wa maji au ganda. Koleo la bapa haliwezi kazi hii, linaponda tu. Panahitajika koleo la ratcheti lenye taya za umbo la herufi B, linalogoma kufunguka mpaka libane kwa ukamilifu.

Mpira unavalishwa kwenye waya kwanza, kabla ya kuchuna. Kila anayejifunza anausahau angalau mara moja, na ukishabana huurudishi. Chuna mm 4 hadi 5 za ganda, kwa chombo cha kuchunia na si kwa meno wala wembe. Uzi mmoja uliokatwa ni mwanzo wa ufa. Laza waya kwenye terminali hivi: nyuzi zitokeze mbele ya bawa la shaba kwa nusu mm hadi mm 1, na kati ya mabawa mawili uone shaba kidogo na mwisho wa ganda, vyote viwili. Ukiona shaba tupu, ganda limebaki nyuma na bawa la nyuma halishiki kitu. Ukiona ganda tupu, bawa la mbele limebana plastiki, na hiyo ndiyo terminali itakayofanya kazi wiki mbili kisha isiwake. Ikishabanwa vizuri, mkia wa bawa la shaba unafunguka kidogo kama mdomo wa tarumbeta, ili makali yake yasikate nyuzi.

Zile terminali 6 za majaribio zilibanwa kwanza. Kila moja ilifungwa kwenye ndoano, waya wake ukaning'inizwa dumu la maji la lita 5 kwa dakika moja. Kilo 5 hazipaswi kuitelezesha terminali ya 0.85 mm². Mbili za kwanza ziliteleza. Taya ilikuwa ya saizi ya juu. Ilipobadilishwa, nne zilizofuata zilibeba. Usining'inize dumu kwenye terminali utakayoifunga garini.

Terminali ikiingia kwenye soketi inalia “tik”. Ivute nyuma kidogo, ndipo ufunge kufuli la pili. Na mita isichomekwe mbele ya terminali jike kamwe. Ncha ya mita ni nene kuliko pini; inaitanua, na hapo umetengeneza hitilafu wakati unatafuta nyingine. Ingiza sindano nyembamba kwa nyuma, sambamba na mpira.

Viungo na njia

Nyaya za gari zilikatwa nyuma mpaka kwenye shaba inayong'aa. Zilizofunikwa na tepu iliyoyeyuka zilihitaji kurudi sm 7. Nyingine sm 3 zilitosha. Viungo vinane vilipangwa kwa kupishana, kila kimoja sm 4 kutoka kwa mwenzake, hivyo mkanda haukuvimba mahali popote. Kila kiungo kilibanwa pande zote mbili, kikavutwa, kikavikwa mrija wa gundi wenye kupita sm 1 kila upande. Moto wa kusinyaza ni wa hita ya upepo. Kiberiti cha gesi kinachoma upande mmoja wakati upande wa pili gundi haijayeyuka, na maji yatapitia hapo.

Silinda 1, 2 na 4 ziliongezewa waya wa sm 20. Silinda ya 3 iliongezewa sm 35, kwa sababu njia yake ilihamishwa: badala ya kushuka nyuma upande wa turbo, sasa inakuja kwa mbele kutoka kwa nozo ya 1 na kurudi juu ya manifoldi. Karibu kabisa na nozo kumeachwa kitanzi kidogo, na mkanda umefungwa ndani ya sm 10 kutoka kwenye soketi, ili mtikisiko uishie kwenye klipu na si kwenye terminali. Mahali mkanda unapotoka kwenye injini kwenda bodi, ulegevu umeachwa wa kutosha. Injini inacheza kwenye maunti zake kila unapokanyaga mafuta.

Kuweka alama nyaya za 1 na 3 kabla ya kukata kuliokoa muda. Zikibadilishana, injini inawaka bado, ila kila moja inapuliziwa kwa wakati wa mwenzake, nawe utatafuta ule mtikiso mdogo wa silensi wiki nzima.

Mkanda wa sensa na solenoidi ndio ulioleta mshangao pekee. Soketi za DT zina mipira ya matundu inayoziba waya wa kipenyo cha nje cha mm 2.2 hadi 3.7. Waya wa ganda jembamba ulipimwa kwa kalipa ukawa mm 2.0. Unaingia vizuri, unabaniwa vizuri, na unavujisha. Kwa mkanda huu waya ukabadilishwa na wa 0.85 uleule wenye ganda nene, mm 2.4. Nyaya ni tano na matundu sita, kwa hiyo tundu la sita liliwekwa kizibo chake. Tundu tupu lisilozibwa linaingiza maji kwenye soketi nzima siku ya kwanza injini ikioshwa kwa presha. Signali iliwekwa kona moja, nyaya mbili za solenoidi kona ya mbali. Upande unaobeba umeme ulipewa terminali jike, ili soketi ikichomolewa swichi ikiwa imewashwa hakuna pini iliyo wazi ya kugusa chuma. Pini za DT zilizo imara huchunwa mm 6.5 hadi 7.5 na hubanwa kwa koleo la alama nne. Kama unalo koleo la umbo B pekee, nunua pini za bati zilizokunjwa na si zile imara.

Namba za mwisho

Jaribio la balbu lilirudiwa silinda zote, baridi na kwa draya ya nywele. Zilisoma kati ya volti 0.10 na 0.12, na joto halikuzibadilisha. Presha ya hewa, swichi ikiwa imewashwa bila injini, ilisoma 86, taa zikiwa zimezimwa, na 86 zikiwa zimewashwa. Kumbukumbu ya sahihisho kwenye kontrol boksi ilifutwa kabla ya kuwasha. Bila hivyo ingeendelea kusahihisha kasoro ambazo hazipo tena. Baada ya safari ya kwenda Moshi na kurudi, sahihisho lilikuwa kati ya −1 na +1, mchana na usiku, na P0303 haikurudi.

Soketi nne za asili bado hazipo. Siku gari litakapotaka kuuzwa likiwa asili, zitafutwe kwenye mkanda wa injini iliyochakaa, na muuzaji aambiwe mapema azikate zikiwa na waya wa angalau sm 15. Wengi huzikata kwenye shina.